Ukuta wa Bernadetha

Selestine Waitara alikuwa na wake wawili kabla hajaoa hata mmoja. Wa kwanza, wa ndoa, alikuwa historia ya sanaa, somo lililomtoa Nyambureti na kumfikisha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wa pili alikuwa ushairi, tena si ushairi wa vina na mizani ambao angeweza kurudi nao nyumbani ukashangiliwa. Yeye na wenzake wanne walikuwa wakijaribu mashairi ya namna mpya, yenye beti za neno moja, mistari inayoshuka wima, maneno yaliyotawanyika ukurasa mzima kama mtama uliomwagika. Mke wa kwanza ndiye aliyemlisha, wa pili ndiye aliyempenda. Wanaume wenye mambo hayo mnawajua, na mnajua pia nani hulala njaa.

Likizo ya mwaka sabini na nne mwalimu wake, Kassian, mtu wa Songea aliyekuwa mpole lakini hasahau, aliwapa wanafunzi kazi ya kufanya makwao. Kila mmoja achague kitu kimoja cha sanaa ya mikono, akipime, akichore chote bila kuruka, kisha aandike ni nani aliyekitengeneza. Akawagawia bunda la karatasi za grafu ili michoro iwe na vipimo. Selestine hakuhitaji kufikiri. Alikijua kitu chake tangu darasani.

Nyumba ya bibi yake, Robi, ilikuwa ya mviringo, na ukuta wake wa nje ulikuwa umejaa njia za vidole. Bernadetha, binti wa mwisho wa Robi, ndiye aliyezichora. Alikandika udongo, akasiriba kwa samadi na majivu, na kabla haujakauka akapitisha vidole vyake vyote, akianzia kwenye mhimili wa mlango, akazunguka nyumba nzima mpaka akarudi mlangoni. Watu wengine walipamba kuta zao pia, lakini za Bernadetha hazikufanana na za mtu. Njia zilipanda, zikakatika, zikapindana, zikaachana. Mwaka uliofuata alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Selestine, ambaye Bernadetha alimbeba mgongoni utoto wake wote, alikuwa shuleni Tabora kwenye mitihani, hakuja kuzika. Hilo peke yake lilikuwa linamkaa rohoni kabla hata ya haya ninayotaka kuwasimulia.

Mjomba wake, Marwa, alimpokea Issenye kwa baiskeli. Walipofika Nyambureti, bibi alikuwa ameketi nje, kiganja kimoja kikiwa ukutani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili. Alibaki kuona mwanga na kivuli tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Sogea nikushike. Mbona umekonda hivi? Huko kwenye vitabu hawapiki?"

Akamshika uso, akacheka, kisha akarudisha mkono ukutani. Marwa alieleza baadaye kwamba mama yao alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi tangu macho yalipokufa. Aliuzunguka ukuta mzima taratibu, vidole vyake ndani ya njia za vidole vya binti yake, na mtu asimsemeshe mpaka amalize.

Jioni ileile alikuja Nikolaus Wangwe, balozi wa nyumba kumi. Hakukaa. Alisema amri imefika, watu wote wahamie kijiji kipya kule barabarani, viwanja vimeshapimwa kwa mistari.

"Jumamosi ikikuta nyumba imesimama, mimi simo. Mgambo watakuja na lori. Mama Robi, nakuheshimu, ndiyo maana nimeanzia kwako."

Alipoondoka, watu walilalamika kila mmoja kwa namna yake. Bibi hakulalamika. Alimwita Selestine akae karibu, akasema naye kwa lugha ya nyumbani, polepole, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno hayo siku nyingi.

"Nyumba ni nyumba, tutajenga nyingine. Udongo upo, ng'ombe wapo, na huyu Philomena, binti wa mjomba wako, ana mikono. Ila mkono wa Detha ndio sina. Nikiwa nimeushika ukuta, nazifuata njia zake. Nikiuachia, kichwa changu kinakataa. Wewe umesomea mambo haya. Uandike ule ukuta wote kwenye karatasi zako, tuupige tena kule. Utaweza?"

"Nitaweza, bibi. Ndiyo kazi niliyotumwa."

"Wote?"

"Wote. Usiwe na wasiwasi."

Akaahidi hivyo mbele ya mjomba, mbele ya Philomena, mbele ya jirani yao Mama Ryoba. Tena hakuwa anadanganya. Siku hiyo alikuwa mkweli kabisa.

Jumatatu alianza vizuri. Alipigilia vigingi, akafunga uzi, akapima kutoka mlangoni hatua kwa hatua. Njia kumi na moja zilipanda pamoja, ya tisa ikakatika, mbili zikapinda kulia. Alichora kila moja mahali pake kwenye vijiraba vya grafu, na kufika saa sita alikuwa na karatasi moja safi ambayo Kassian mwenyewe angeitundika. Alihesabu kwamba ukuta wote ungekula karatasi kumi na nne. Siku tano zilitosha na kubaki.

Halafu akainua macho kupumzisha shingo, na ile njia ya tisa iliyokatika ikamletea neno. Neno likaleta jingine. Alijiambia ni nusu saa tu, asije akalisahau. Akachukua karatasi ya grafu, maana ndiyo iliyokuwa mkononi, akaandika neno moja kwenye kijiraba kimoja, jingine chini yake, jingine mbali kulia. Na hapo akaona kitu ambacho yeye na wenzake walikuwa wakikitafuta mwaka mzima: vile vijiraba vilimpa nafasi ya kuyapanga maneno kama vidole vilivyopangwa ukutani. Furaha ilimshika, akaandika bila kuinua kichwa. Nusu saa ikawa mpaka ng'ombe wanarudi.

Bibi alikuja na uji, akisindikizwa na fimbo yake.

"Umefika wapi mume wangu?"

"Nimekaribia upande wa zizi, bibi."

Hakuwa amekaribia. Alikuwa bado mlangoni. Uongo huo ulimtoka kirahisi kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka, na aliona haya. Lakini tusimpambe: aliona haya, akanywa uji, akaendelea kuandika.

Jumanne ikawa hivyo, Jumatano ikawa hivyo. Asubuhi alichora kidogo, kipande cha ukuta kisichofika dhiraa moja, ili moyo usimsute sana, kisha shairi likamwita akaenda. Alifuta, akapanga upya, akahamisha neno moja kutoka kijiraba hiki kwenda kile, mara kumi, mara ishirini. Wakati huo Marwa alikuwa akibeba nguzo na fito kwa bega kupeleka kijiji kipya, mabega yamechubuka. Vijana wa ukoo walipouliza kwa nini msomi hasaidii, Marwa aliwakemea.

"Mwacheni. Ana kazi ya mama. Mimi nitabeba za kwake."

Selestine alisikia. Alikuwa nyuma ya nyumba, penseli mkononi, na maneno yale yalimchoma kifuani. Angeweza kusimama palepale akabebe nguzo, au angeweza kurudi kwenye vigingi vyake. Hakufanya hili wala lile. Alisahihisha mstari.

Bibi naye alikataa upande wowote wa paa kuezuliwa, kwa hofu nyasi zisimwangukie mjukuu wake kazini. Kwa hiyo nyumba zote za jirani zilipokuwa zimeshabaki mbavu, ya Robi ilisimama kamili. Na kila jioni aliuliza amefika wapi, na kila jioni Selestine alimsogeza mbele. Amepita zizi. Amefika upande wa ghala. Amebakiza kidogo. Kwa mdomo aliuzunguka ukuta vizuri sana.

Alhamisi jioni shairi liliisha. Lilikuwa zuri, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Alilisoma kwa sauti ya chini, akajua hajawahi kuandika kitu kama kile. Kisha akahesabu michoro: karatasi mbili, katika kumi na nne. Akajipa moyo kwamba Ijumaa ni siku nzima, ataamka na jogoo, hatagusa kitu kingine, na usiku hatalala mpaka amalize.

Ijumaa saa mbili asubuhi lori likasimama mbele ya zizi. Lilikuwa limekuja siku moja kabla, maana Jumamosi lilitakiwa Nyansurura. Mgambo sita walishuka na mashoka na kamba. Nikolaus Wangwe alikuwa nao, ameinamisha kichwa.

Marwa akakimbilia kwao. "Mlisema Jumamosi! Tupeni leo tu. Mama ana jambo lake halijaisha."

Mkubwa wa mgambo alimtazama, akatazama nyumba, akauliza, "Jambo gani?"

Wote wakamgeukia Selestine. Hapa ndipo palipokuwa na mlango, ndugu zangu. Mgambo yule hakuwa na sura mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka tu. Kijana wa Chuo Kikuu angesema kwa heshima, "Afande, nipe mpaka jioni, nina mchoro wa serikali ninaumalizia," huenda angepewa. Lakini kusema hivyo kulikuwa ni kumwambia bibi, mbele ya watu wote, kwamba siku nne alikuwa anamdanganya. Alisimama na karatasi zake kwapani, shairi juu, michoro miwili chini.

Bibi ndiye aliyejibu.

"Hakuna jambo. Bomoeni tu. Ukuta wangu wote umo kwenye karatasi za mjukuu wangu."

Akasogea kando mwenyewe, akafunga kanga vizuri. Mama Ryoba alikuwa analia kwa kelele, nyumba yake ikiwa tayari imelala chini, na bibi akampapasa mkono kumbembeleza.

"Usilie. Na wewe ungezaa msomi."

Walifunga kamba kwenye mihimili, wakavuta. Paa lilikwenda kwanza. Ukuta ulikataa mara mbili, mara ya tatu ukapasuka upande wa zizi, ukaanguka vipandevipande, na vumbi lilipotua vilionekana vipande vyenye njia mbili, njia tatu, vimelala chali juu ya samadi. Bibi alipiga kigelegele. Katika eneo lote lile, ambako watu walikuwa wakilia na kulaani, ndiye peke yake aliyepiga kigelegele. Selestine alitamani ardhi imfunike. Alijiona mwizi, tena mwizi aliyefunguliwa mlango na mwenye mali.

Wiki mbili baadaye Marwa alisimamisha nyumba katika kijiji kipya, ya pembe nne kama walivyoagizwa. Selestine alikuwa amekwishafanya alilolifanya. Alikuwa amekaa mtoni siku tatu na karatasi kumi na mbili tupu, akajaribu kukumbuka, akakumbuka kidogo, na pale alipokosa akatunga. Alikuwa na jicho na mkono wa kuchora, na alijua mtindo. Njia zikipanda huku alizipandisha, zikipinda huku alizipindisha. Kazi yake ilipendeza. Mtu asiyeujua ukuta ule asingeona kasoro, na aliyeujua angeambiwa kwamba nyumba ya mviringo na ya pembe nne haziwezi kulingana. Alikuwa amekwishaandaa maneno hayo.

Philomena, aliyekuwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyepiga vidole. Selestine alisimama pembeni na karatasi akimwelekeza, kumi na moja zipande, ya tisa ikatike, sasa rudi kulia. Ulipokauka, ukoo wote ulikusanyika. Bibi akaletwa mbele ya mlango. Akaweka vidole.

Pale mlangoni uso wake ulifunguka. Akaenda kwa haraka, akitabasamu, midomo ikitembea. Alipopita kipande cha pili vidole vilipunguza mwendo. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, akaendelea mpaka kona, akazunguka, akamaliza ukuta wote. Watu walingoja.

"Vizuri," alisema. "Philomena, mikono yako ni mizuri. Nipeni maji ya kunywa."

Selestine hakujua amejua au hajajua. Alirudi chuoni na mzigo huo. Kassian alimpa alama za juu, akamwambia mbele ya darasa kwamba ukuta wa Bernadetha umeokoka kwa sababu mtu mmoja alikuwa na subira. Shairi nalo lilichapwa kwenye jarida la wanafunzi, likabandikwa ubaoni, wakabishana nalo mwezi mzima. Wake wote wawili walimkumbatia kwa siku moja, na yeye akaona kinyaa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Yeye zilimponyoka zote mbili, ingawa vyeti vilisema vingine. Hakuandika shairi tena. Alipomaliza aliomba kufundisha, akapangiwa sekondari moja katika wilaya ya Tarime, akafundisha historia ya kawaida, ya vita na wafalme.

Hata huko ukuta haukumwacha. Kila alipokwenda kijijini aliona wasichana wamepiga michoro ileile kwenye nyumba zao mpya. Nyumba nne, kisha tisa. Akiuliza, waliitaja kwa heshima: "Hii ni ya Detha." Ilikuwa yake. Ilikuwa ile aliyoitunga mtoni, mchana, kwa kuogopa aibu. Philomena aliolewa Issenye akaipeleka na huko. Selestine alijikuta anazikwepa nyumba za watu, anapita njia za nyuma kama mkwe.

Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka wa themanini Marwa alituma habari kwamba mama hali tena vizuri. Selestine aliomba ruhusa, akafika adhuhuri, akamkuta bibi amelala kwenye ngozi nje, kivulini mwa nyumba. Alikuwa amekwisha, mifupa na kanga. Marwa alikuwa shambani. Walikuwa wawili tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe mume wangu? Umechelewa kunioa."

Alijaribu kucheka, akashindwa. Akapiga magoti kando yake, na kabla hajakaa vizuri maneno yakamtoka yote, bila mpango: karatasi mbili, shairi, zizi ambalo hakulifika, mgambo, mtoni. Alilia kwa sauti, mwalimu mzima. Bibi alimwacha amalize.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile nilijua. Detha hakurudia njia hata moja. Zako zinarudiarudia."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Niseme mbele ya nani? Philomena alikuwa bado na udongo kwenye kucha. Na Marwa alibeba nguzo zako siku nne mpaka akatoka damu. Ningemwambia alibebea nini?" Akapumua kidogo. "Nisomee hilo lililokushinda kuacha."

Alilijua kwa moyo. Akalisema, polepole, akinyamaza pale palipokuwa na vijiraba vitupu:

*Ukuta*
*unanitazama*
*mimi*
*niliyekatika*
*kabla ya kona*
*mimi*
*udongo*
*ulionisahau*

Likaendelea hivyo mpaka mwisho. Bibi alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama. Hakuuliza vina viko wapi, kama wazee wengine walivyouliza. Alingoja kidogo, kama mtu anayedhani bado kuna kipande.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Sasa, Detha yuko wapi humo?"

Selestine alilipitia shairi zima kichwani, neno kwa neno. Mikono ya Bernadetha ndiyo iliyolizaa lote, na jina lake halikuwemo. Kulikuwa na mimi, mara saba. Angeweza kumtia palepale. Alikuwa na kipaji hicho, mwanamke yule hakuona na hakusoma, nani angejua? Mdomo ulifunguka.

"Hayumo, bibi," akasema. "Sikumwandika."

"Haya."

Bibi akatoa mkono kwenye kanga, akamtafuta, akakishika kidole chake cha shahada. Akakishusha kwenye vumbi la uani, kavu na laini, akaanza kukivuta. Njia moja ikapanda. Akakirudisha chini, ya pili ikapanda kando yake, kisha ya tatu. Mkono wake ulijua unakokwenda. Ya tisa ilikatika, mbili zikapinda kulia, kama zilivyokuwa, kama alivyozichora mwenyewe Jumatatu ile kabla ya saa sita. Selestine aliacha kidole kivutwe. Zilifika mpaka pale karatasi ya pili ilipokuwa imeishia, na hapo mkono wa bibi ukasimama. Alingoja. Akausogeza kidogo kushoto, akaurudisha. Kisha akakiachia kidole cha mjukuu wake juu ya vumbi.

"Kuanzia hapa," akasema, "nilikuwa nakutegemea wewe."